Nilivyompoteza baba mkwe msituni Finland, tukaokolewa na kibanda kisicho na mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, nikalowa mpaka soksi, kwa hiyo nawapa kama ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Mbeya, naishi Peckham, London, naendesha basi. Mke wangu ni Mzanzibari, na baba yake anaishi Kilburn, hukohuko London, tangu zamani. Tunaheshimiana na mzee, ila mazungumzo yetu yalikuwa salamu na hali ya hewa tu.

Mwaka juzi shemeji yangu anayefanya kazi Finland akatualika wote. Siku ya pili mzee akataka kunyoosha miguu. Nikajitolea kumsindikiza kuzunguka ziwa lililo karibu na nyumba. Nikamwambia njia naijua, nimeiona kwenye Google Maps.

Simu ikazima. Baridi ya kule inakula chaji, msiniulize.

Mvua nayo ikaanza. Miti yote inafanana, kila nikikata kona naona ileile. (Ndiyo, dereva wa basi. Chekeni.)

Mzee alivaa koti la kuendea msikitini, si la mvua. Akaanza kutetemeka, midomo ikabadilika rangi. Hapo nikaogopa kweli.

Mara, ukingoni mwa ziwa, tukaona kibanda cha magogo. Kimeezekwa vizuri, upande unaotazama maji uko wazi kabisa. Mbele pana mahali pa kuotea moto, pembeni kuni zimepangwa, shoka lipo, hadi kiberiti ndani ya kopo. Mtu hakuna.

Nikachukua kuni. Mzee akaniwakia.

"Weka! Cha watu hicho. Unataka tukashitakiwe ugenini?"

"Baba, unatetemeka."

"N'tetemeke. Siibi mie."

Wakuu, mkwe huwezi kubishana naye, na kumwacha agande huwezi.

Nikamwambia, "Basi nishitakiwe mimi, wewe sema ulinikataza." Nikawasha.

Moto ulipokolea akasogea kidogo kidogo, kama hataki.

Akatokea mama mmoja wa Kifini na mbwa wake. Mzee akasimama, akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza: "Sorry madam, very sorry, we will pay." Mama akashangaa. Akatueleza kwamba pale panaitwa laavu, ni pa kila mtu, bure. Unachotakiwa ni kupaacha pasafi na kumpasulia kuni atakayekuja nyuma yako.

Akatoa soseji. Mzee akauliza kama ni za nguruwe. Zilikuwa! Mama akacheka, akatupa mkate mweusi tukaubanika.

Mzee akatafuna akitazama maji. Kisha akasema, "London ukikaa mkahawani bila kununua, unatazamwa."

Akainuka, akachukua shoka. Nikataka kumpokea.

"Niache. Nani alokuwa anakufa kwa baridi, mimi au wewe? Huyo ajaye huenda kalowa kuliko sisi."

Akapasua, mimi nikapanga.

Yule mama akatuonyesha njia. Nyumba ilikuwa nyuma ya kilima tu, tulikuwa tunaizunguka! Mke wangu kasimama mlangoni, kafura.

"Baba, huyu amekupoteza, siyo?"

Mzee akavua viatu taratibu.

"Nani kapotea? Tulikuwa na kazi ya kuni."

Akapita ndani. Nami nikapita nyuma yake.

Nilichojifunza: watu wanaweza kuacha shoka na kiberiti porini wakakuamini bila kukujua. Je, kwetu ingewezekana, au shoka lingeondoka siku hiyohiyo? Na wenye wakwe wagumu, nyie mlipatana nao wapi? Tiririkeni.