Vichwa Kumi na Kamba Moja

Nakumbuka jioni moja ya Oktoba kule Parkdale, Toronto, mwanangu, nimesimama nyuma ya pazia katika ukumbi wa ghorofa letu, nimeshika kamba, na roho yangu nyeusi kama masizi. Miaka ya tisini hiyo, kiuno bado kinanitii.

Mchezo ulikuwa wa Mama Kanta, jirani yetu Mhindi wa Tanga, mwenye Kiswahili kitamu kuliko changu. Kila mwaka watu wa dini yake huigiza vita vya mfalme wa mazimwi, yule mwenye vichwa kumi. Wakwe zake waliozoea kuigiza walishahamia Richmond Hill, na wajukuu ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza, basi akatushika sisi. Mimi nikapewa kuwa ndugu wa mfalme, zimwi linalolala tu na kukoroma. Ufalme akapewa Gervas.

Gervas ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mbalimbali. Alinikuta Toronto, akalala kwenye kochi langu, akala ugali wangu (unga wenyewe tuliufuata mbali, lakini hayo tuyaache). Kiwandani nilikomwingiza mimi, akawa msimamizi wangu. Tukimpigia Baba simu Muheza, salamu sijaimaliza ananiuliza, "Gervas yupo?" Nami hutupa simu, natoka nje. Wanasema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo tele, nazilisha zinanenepa.

Sasa, vichwa tisa vilikuwa vya maboksi, vimepangwa kwenye ubao mabegani, vinashikwa na kamba moja mgongoni. Avaaye hawezi kujifunga, sharti afungwe, na mfungaji nilikuwa mimi. Na mstari wa mbele wamekaa wazazi wa mchumba wa Gervas, wametoka Pickering kuja kumtazama. Nikafunga fundo la uongo. Hatua mbili tu, ufalme chini.

Mama Kanta akanishika mkono. Gervas, masikio yamezibwa na maboksi, hakusikia.

"Unajua huyu mfalme alianzia wapi ubaya?" akaninong'oneza. "Alikuwa na kaka, baba mmoja, mama mbalimbali, kama nyie. Kaka ana mji wa dhahabu, ana gari la kuruka angani. Akamnyang'anya vyote. Macho ishirini, mwanangu, yote kwenye sahani ya kaka yake. Alishiba?"

Macho yangu yakashuka kwenye lile fundo.

"Na huyo mlalaji wako, alipoamshwa, alimwambia mfalme usoni: umekosea. Kisha akaenda vitani akafa kwa ajili yake. Una neno na ndugu yako, mwambie. Usiliseme kwa kamba."

Nikafungua, nikaanza upya.

"Kaza, kaka," Gervas akasema, "au umeshaanza kulala?"

Nikakaza. Nilikoroma vizuri siku ile, ukumbi ukacheka, machozi yakiniingia masikioni.

Baadaye, kwenye ngazi, nikamwambia yote, mpaka la simu ya Baba. Akanitazama kama mgeni.

"Kaka, Baba akinipata anakuulizia wewe tu. Unakula? Umepata koti? Anasema ukiulizwa mwenyewe utamficha."

Mwanangu, wivu ni kiziwi, hujibu asichoulizwa. Ukikukaa moyoni, mpelekee ndugu yako usoni kabla mkono haujagusa kamba yake. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Mungu akupe wa kukufunga pale mkono wako usipofika, na mgongo wa mwenzio ukipita mikononi mwako, akupe kukaza.