Kufunga Kipimo cha Betri kwa Mama Neema wa Kamwokya

Sikutoka Bungoma kwenda Kampala kutalii. Nilikwenda kwa sababu dada yangu Nanjala alinipigia simu akilia, na Nanjala si mtu wa kulia ovyo. Anafanya kazi kwenye supamaketi moja kule Ntinda, na rafiki yake wa kufa na kuzikana ni Mama Neema, mwanamke Mkongo kutoka Bukavu anayekaa mtaa wa Kamwokya na binti yake. Mama Neema ana mashine ya kuangulia mayai inayotumia umeme wa sola. Wanawake wa sokoni humpelekea mayai, naye huwarudishia vifaranga. Hiyo ndiyo riziki yake yote.

Mwezi uliotangulia betri ilizima na mayai yote yakafia ndani. Wenyewe wakamsamehe. Sasa alikuwa na mayai mengine yaliyobakiza siku chache yaanguliwe, na betri imeanza tena vituko vyake. "Yakiharibika na haya, kaka, hakuna atakayempa tena hata yai la kukaanga," Nanjala aliniambia. "Wewe si fundi wa sola? Basi njoo."

Mimi ni fundi kweli. Pia ni mtu wa kulalamika, na mke wangu yuko tayari kuapa kuhusu hilo popote pale. Nikalalamika nikipakia mkoba, nikalalamika nikinywa chai, lakini nikaenda.

Jumanne alfajiri nilikuwa mpakani Malaba, na jua lilipochomoza nilikuwa ndani ya basi upande wa Uganda. Mkobani nilibeba kipimo cha betri, kidude chenye kioo kidogo kinachoonyesha betri imebakiza asilimia ngapi. Kioo hicho huunganishwa na kipande cha chuma kiitwacho shanti, ambacho hufungwa kwenye waya hasi wa betri. Umeme ukiingia au ukitoka hupitia humo na kuhesabiwa, na bila hesabu hiyo mtu wa sola anaishi kwa kubahatisha.

Mwamba wa Tororo ulitupita kushoto, kisha Iganga, kisha daraja la Jinja ambapo abiria wote waligeuka kuutazama mto. Baada ya msitu wa Mabira wakatujia wachuuzi wa kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Jirani yangu wa kiti alinunua mishikaki ya watu wawili, akala peke yake, akanifutia mafuta begani. Nikasema moyoni, haya, Kampala karibu.

Ntinda nilifika mchana, magari yamejibana barabarani mpaka bodaboda ikawa inapita juu ya kijia cha waenda kwa miguu. Nanjala alinikumbatia, akanipa matoke na karanga, halafu akanipa onyo. "Mama Neema ni mtu mwenye haya nyingi. Usimfokee."

"Mimi humfokea nani?"

Akaniongezea matoke.

Jumatano asubuhi tulishuka Kamwokya. Ukiacha barabara kubwa unaingia vichochoro vya mabati, saluni, muziki kutoka kila mlango, harufu ya chapati za mayai. Mama Neema alikuwa mlangoni akitungoja, kitenge kimekazwa vizuri, mdogo wa umbo na mpole wa sauti.

"Karibu, kaka. Ulisafiri muzuri? Ingia, ingia. Ukule kwanza, kazi itangoja."

Nikala ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa mpaka yakalegea, nikasahau malalamiko yangu yote. Kisha akanionyesha mashine. Sanduku la mbao lenye kidirisha cha kioo, na ndani mayai yamepangwa, kila moja limeandikwa kwa kalamu jina la mwenyewe. Maman Chantal. Nakato. Mama Sifa. Betri haikuwa chumbani. Ilikaa nje kwenye korido, ndani ya kasha la mbao, kwa sababu chumba ni kimoja na asidi inanuka.

Nikamuuliza swali ambalo fundi yeyote huuliza kwanza. "Dada, vyombo vyako ni vipi? Vyote vinavyokula umeme wa betri hii."

Akahesabu kwa vidole. Mashine, taa mbili, redio, simu. Nikaandika kichwani, nikapiga hesabu, umeme ukatosha na kubaki. Nikafungua waya hasi zote kutoka kwenye betri, nikafunga shanti kwenye ncha ya betri, nikarudisha waya zote upande wa pili wa shanti. Nikapachika kioo ukutani karibu na mashine. Mchana betri ilipojaa kabisa nikakiambia kipimo kwamba hapa ndipo mia kwa mia. Mama Neema akakigusa kile kioo kwa ncha ya kidole. Nikarudi Ntinda nikipiga mluzi, nimeridhika na nafsi yangu.

Alhamisi asubuhi mluzi ulikwisha. Mama Neema alipiga simu kwamba taa ya mashine, ile inayopasha mayai joto, imefifia tangu kabla ya mapambazuko. Nikafika mbio. Kioo kilisema betri ina asilimia tisini. Nikashika mita yangu nikapima volti, zikawa chini kabisa. Asilimia zinasema betri imeshiba, volti zinasema ina njaa. Jamani! Nikakaza kila nati, nikasafisha kila ncha, nikafungua nikafunga upya. Hamna kitu. Mwishowe nikatoa hukumu ambayo mafundi hutoa wakishindwa.

"Dada, betri yako imekufa. Haishiki tena. Itabidi ununue nyingine."

Hakulia. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Sina, kaka," alisema baadaye. "Sasa haya mayai?"

Jua likapanda, betri ikapata nguvu kidogo, tukashukuru kwa hilo.

Ijumaa nilirudi, nikijidanganya kwamba ni kwa ajili ya kupima mara ya mwisho. Kusema kweli uso wake ulikuwa umeninyima raha. Alasiri nilikuwa nimekaa karibu na mashine, jicho kwenye kioo, mita mkononi, nikasikia hodi na salamu nyingi koridoni. Nje ya mlango uliokuwa wazi, mwanamume mrefu mwenye mvi na mwenzake walikuwa wameteremsha betri ya gari kutoka kwenye toroli. Wakasalimia, wakauliza hali ya Neema shuleni, wakafungua lile kasha kama mtu anavyofungua kabati lake. Wakabana klipu mbili moja kwa moja kwenye ncha za betri ya Mama Neema, wakakaa kwenye benchi kupumzika.

Volti kwenye mita yangu zikaanguka. Kioo ukutani hakikutikisika. Klipu ilikuwa imebanwa kwenye betri yenyewe, kabla ya shanti, na kisichopita kwenye shanti kipimo hakikioni.

Hasira zikanipanda. Nikatoka nje. "Nyinyi! Mnafanya nini hapo?"

Yule mrefu akasimama, akavua kofia. "Samahani, fundi. Tunachaji betri ya kwaya, ya spika na kinanda. Leo iko mazoezi."

Nikamgeukia Mama Neema. "Dada, nilikuuliza! Nilikuuliza kinachokula umeme, ukanitajia redio!"

"Kaka, weye uliniuliza vyombo vyangu," alijibu polepole. "Ile haiko yangu. Iko ya kanisa. Wanakuya kila Jumatano na Ijumaa, tangu zamani."

Alikuwa amenijibu sawasawa. Swali langu ndilo lililokuwa bovu.

"Basi waambie wasije tena," nikasema.

Akatikisa kichwa, na hapo nikaona kwamba upole wake haukuwa udhaifu. "Nilifika Kampala na mutoto mugonjwa mugongoni, sijue mutu. Papa Musafiri huyu na kwaya yake walitulaza kwabo, wakamubeba Neema mupaka hospitali. Leo nitabaambia nini? Mayai yakufe, lakini ile siwezi kusema."

Nikaelewa basi kwa nini tangu mwanzo hakulalamika juu ya mtu yeyote. Moyo uliniuma, sina haja ya kuficha. Nikamwita Papa Musafiri ndani, nikamwonyesha kioo, nikamwonyesha mita, nikamweleza kwamba betri yake tupu ikiungwa hapo inainyonya hii mpaka inapozima mashine alfajiri. Aliinama kwenye kidirisha akasoma majina juu ya mayai.

"Sisi tulifikiri ni jua tu ndiyo inatoa," alisema. "Jua haiishe." Akayasoma tena yale majina. "Na yale ya mwezi ulipita... ni sisi?"

Mama Neema akasema haraka, "Hapana, Papa."

Lakini Papa Musafiri alikuwa ameshatoka nje. Akabandua klipu, akapakia betri yake kwenye toroli. "Mungu anasikia hata bila spika," alimwambia mwenzake, na mwenzake, ambaye ndiye mpiga kinanda, akaonekana kuwa na mashaka makubwa.

Kabla sijaondoka nilikirekebisha kipimo kilingane na volti, kisha nikafunga parafujo mbili za kubania klipu, moja upande wa pili wa shanti na nyingine kwenye waya chanya, ili siku atakayechaji tena achaji pale, na kipimo kimwone kama kinavyomwona kila mtu.

Jumamosi ikanyesha. Si manyunyu, mvua yenyewe, mawingu yamekaa juu ya Kamwokya toka asubuhi. Sasa kioo kilisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa mbaya, kwa kuwa asilimia zilikuwa zinashuka mbele ya macho yetu na paneli hazileti kitu. Tukazima taa, redio, simu. Nanjala alikuwa na siku ya mapumziko, akaja na mablanketi yake yote. Mama Neema alikaa chini, mgongo kwenye mashine, akisali kimyakimya.

Saa tisa hivi akaingia mke wa Papa Musafiri, amelowa, na jerikeni ya maji moto iliyofungwa kwa sweta. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake mwingine tena. Papa Musafiri alikuwa amewaambia waimbaji wote. Tukapanga jerikeni kuizunguka mashine, tukazifunika kwa mablanketi, na nikapunguza moto wa umeme. Zilipopoa wengine walileta nyingine, mpaka jioni jua lilipochungulia, likaipa betri nguvu ya kuvukia usiku. Mimi, mtu wa mita na waya, kazi yangu ikawa kupokea jerikeni mlangoni na kusema asante. Nilisema asante nyingi siku ile kuliko mwaka mzima.

Jumapili nilienda kanisani kwao. Waliimba kwa makoo matupu, kinanda kimefunikwa kitambaa. Papa Musafiri alijitutumua mpaka sauti ikamkauka, na waumini wakamcheka kwa upendo. Mayai hayakuwa yametoa dalili yoyote. Nilimuaga Mama Neema nikiwa na wasiwasi, naye akanifungia sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa kwao, nimpelekee mke wangu.

Jumatatu mchana nilikuwa kwenye foleni Malaba simu ilipolia. Kelele zilikuwa nyingi, nikaweka sauti ya juu. Kwanza sikusikia mtu. Nikasikia vilio vidogo, vyembamba, vingi, vinapandana. Pale foleni mbele za watu, machozi yakanitoka.

Afisa wa Uganda aliyekuwa akikagua mizigo akageuka. "Ssebo, wewe nabeba kuku? Fungura mufuko!"

"Ni simu, afande. Vifaranga vya Kamwokya."

Akafungua mkoba hata hivyo, akakuta koleo, waya na sambaza. Akaisogelea simu, akainamisha kichwa, akasikiliza. "Iko ngapi?" akauliza.

"Bado tunahesabu, baba!" Mama Neema akapiga kelele toka upande ule. "Ingine iko inatoka!" Foleni nzima ikacheka, na afisa akaufunga mkoba wangu, akanipisha bila kuuliza zaidi.

Tangu safari hiyo nafunga vipimo vya betri huku kwetu kama kawaida, na nalalamika kama kawaida. Kimoja tu kimebadilika. Nikifika kwa mtu, kabla sijafungua mkoba, simuulizi tena ana vyombo gani. Namuuliza ni nani huja kuchaji kwake. Wengi hucheka kwanza, halafu wanaanza kutaja majina.