Ukurasa wa Pili Sikuusoma

Ipo siku moja isiyonitoka akilini, mwanangu, ingawa mvi zimeanza kunijaa kando ya masikio na ningependa kukumbuka mengine. Nilikuwa katika ofisi ya utafiti mjini Kisii, nikiingiza kwenye kompyuta majibu ya wanajeshi waliorudi nyumbani. Utafiti ulihusu majeraha ya nafsi wanayotoka nayo vitani. Fomu hazikuwa na majina, ila nambari, na tuliapishwa jambo moja: ukimtambua aliyejaza, usisome, mpe mwenzako.

Nikachukua fomu iliyofuata, nikaona herufi zinazolalia kushoto. Nilizijua. Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu Onchiri kuandika, kwa kijiti, kwenye udongo kati ya michai yetu kule Nyaramba.

Akinyi, mwenzangu, alikuwa meza ya pili. Sikumpa.

Nikueleze kwa nini, wala sitajipamba. Mimi ni kifungua mimba, tena nina shahada. Lakini Onchiri aliporudi likizo na magwanda yake, jogoo alichinjwa. Niliporudi mimi kutoka chuo kikuu, niliulizwa kama nimekiona kikapu cha chai. Kwetu mkubwa hujenga kwanza, mdogo akasubiri. Yeye alikuwa tayari na matofali na mabati. Mimi sikuwa hata na nguzo. Mama akaja kwangu kwa heshima kuniomba nikubali anitangulie. Nilikubali kwa mdomo. Kila asubuhi mabati yale yalinimulika machoni, nami niliona kama yananicheka.

Basi nikasoma. Aliandika kwamba hulala na viatu. Kwamba amekihamisha kitanda mbali na dirisha. Kwamba mlango wa lori la chai ukibamizwa, hujikuta amelala kifudifudi kabla hajajua alipo. Nilipaswa kulia, mwanangu. Nilichohisi ni utamu. Sikujisumbua hata kufungua ukurasa wa pili.

Ijumaa ile nilimkuta kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai. Foleni ilikuwa ndefu, na jua kali.

"Mpisheni afande apime kwanza!" karani wa mizani akaita, na watu wakampisha kwa furaha. Mimi nilikuwa hapo tangu saa nne.

"Mpisheni," nikasema kwa sauti, "ila msibamize mlango wa lori. Afande wetu hulala na viatu. Atatimka tumfuate hadi Nyakoe na kikapu mgongoni!"

Walicheka wote, hata karani. Onchiri alinitazama.

"Umelijuaje hilo?" akauliza polepole. "Hata Mama halijui."

Aliyaacha majani yake mizanini, akaenda zake.

Jumatatu wanajeshi wenzake wawili, waliokuwa wamesikia yaliyotokea kituoni, walifika ofisini kudai fomu zao. Onchiri mwenyewe aliacha kwenda kwa mshauri aliyekuwa ameanza kumwona. Mkuu wetu, mama mmoja mtulivu kutoka kando ya ziwa, alinisikiliza nikikiri, kisha akasema, "Watu hawa walinyamaza miaka mingi. Walipojaribu kufungua kinywa, wewe ukawafanya kichekesho cha foleni. Acha funguo mezani."

Nilikwenda moja kwa moja shambani. Onchiri alikuwa akichuma, wala hakuinua kichwa.

"Ulisoma na ukurasa wa pili?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kulikuwa na swali. Ni nani ungependa kumweleza yaliyokupata, kama ungeweza? Niliandika: 'Kaka yangu.'" Akatupa majani kikapuni. "Sasa umeshajua. Nenda."

Alirudi kwa mshauri baada ya miaka miwili. Miaka miwili, mwanangu, ya viatu kitandani, na mimi nilikuwa jirani yake. Siku hizi wanajeshi wa zamani hukutana katika ukumbi wa kanisa Nyamira. Mimi humpeleka Onchiri kwa pikipiki, nikamngoja nje. Humsikia akizungumza kwa muda mrefu, kisha wote wakacheka. Nitakwambia ukweli: nawaonea wivu watu wale kuliko nilivyowahi kuyaonea mabati. Kwangu ameniachia salamu na habari za mvua.

Kwa hiyo shika hili. Siri ya mtu ikiangukia mikononi mwako, mpe anayestahili kuishika, hasa ikiwa ni ya mtu unayemwonea wivu. Na wivu ukikuingia, mwendee mwenyewe umwambie, "Ndugu yangu, nakuonea wivu." Utaona aibu kwa dakika moja. Mimi niliikwepa dakika hiyo, nikampoteza msimulizi wangu.

Mungu akulinde, wewe na ndugu zako. Akujalie nyumba ambamo kila mmoja wenu atavua viatu mlangoni, alale.