Jukwaa Refu Kuliko Mkono wa Mtunzaji

Mie shule niliishia darasa la tano, lakini leo ukitaja taarab upande wa Temeke, watu wananionyesha mimi kwa kidole. Nilikuwaga nabeba spika za watu kule Kiwalani. Sasa spika zangu, bendi yangu, na waimbaji wanane wanasubiri neno langu.

Neno langu na la mhasibu, niseme ukweli. Huyo ni mama mtu mzima wa Songea, mstaafu wa benki, na hundi ya kampuni haitoki bila sahihi zetu wote wawili. Kila asubuhi naingia ofisini, mkurugenzi mzima, namwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na jibu ni hapana."

Hapo hata sijaomba.

Safari hii nilitaka jukwaa. Nililiota usingizini: la chuma, mita tatu kwenda juu, taa zinawaka chini yake, na waimbaji wangu wanaonekana mpaka na yule aliyekaa ukutani nje. Mama akavua miwani.

"Jukwaa tulilonalo lina ubaya gani?"

"Halijai machoni, mama."

"Na mwezi ujao mpiga kinanda nimlipe macho?"

Tulibishana wiki nzima. Mwisho akaandika karatasi: onyesho lisiporudisha gharama ya jukwaa, mie nibaki na muziki tu, kampuni aiongoze yeye. Nilisaini upesi kuliko nilivyosaini cheti cha ndoa.

Jumapili saa kumi jioni uwanja ukafurika. Mie ndani ya suti nyeupe, nimejaa kifua. Mwimbaji wangu mkubwa akapanda kwa ngazi ya chuma iliyokuwa nyuma, akatokea juu, na uwanja ukapiga kelele nikasikia raha mpaka kwenye magoti. Ile picha ilikuwa yangu, ilitoka kichwani mwangu.

Ubeti wa pili ukamgusa mama mmoja mwenye dera la zambarau. Akainuka na noti yake hewani, anacheza taratibu, ili yule hasimu anayemlenga kwa maneno ya wimbo amwone vizuri. Ndivyo tunavyotunza sisi: unakwenda kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, unampa mkononi, watu wote wanashuhudia. Nusu ya mapato yetu ni hizo noti.

Akafika jukwaani, akanyoosha mkono. Mwimbaji akainama, hakumfikia. Akapiga magoti. Akalala kifudifudi, anaimba hivyohivyo, bado. Nyuma ya yule mama wakasimama wengine sita, wanarukaruka na noti zao, kisha wa mwisho akageuka kurudi kitini.

Hapo nikamwona mhasibu anakuja mbio. Sikujua kama anakimbiaga.

"Ngazi ilete mbele."

"Itaharibu picha, mama."

"Baba, wanarudi kukaa na hela zao. Na karatasi ninayo kwenye mkoba."

Niliibeba mwenyewe begani, suti ikapata kutu, nikaisimika katikati kabisa ya jukwaa langu zuri, nikaishika.

Dera la zambarau likapanda. Kufika juu, akatoa noti, halafu akageuka na kuona uwanja wote unamtazama. Akazunguka. Akatoa noti ya pili. Basi kila mwanamke akataka na yeye aonekane kule juu. Foleni ikafika kwa wauza juisi, waliokuja kikundi wamevaa sare wakapanda pamoja, na waliokwisha kushuka wakapanga tena. Nani Dar hii aliwahi kuwapa watunzaji jukwaa lao? Mie.

Wimbo wa nne haujaisha, mama mhasibu akaja na daftari lake. Gharama imerudi yote, na juu yake kuna ziada. Nikamuuliza nani mkurugenzi.

"Acha maneno, shika ngazi vizuri," akasema, anavua viatu.

Alipanda na noti yake mwenyewe, ya elfu tano, kaikunja vizuri. Akatunza, akageuka, akauona uwanja. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza, foleni inalalamika chini, na mhasibu wangu bado yuko juu anacheza.