Mstari wa chaki ulipinda, nikalaumu rula

Wakuu, salamu kutoka Goma. Haya sikusimuliwa, yamenipata mimi mwenyewe.

Mimi ni mshonaji hapa mtaa wa Ndosho. Kuna siku nilichora mstari wa chaki kwenye kitenge, nikaona umepinda. Nikaufuta, nikachora tena. Umepinda tena! Nikatukana rula, nikatukana na aliyeniuzia.

Halafu kichwa kikaanza kuuma, hasa nikiinama. Sikioni kitu kinavuma kufuata mapigo ya moyo.

Sasa sisi huku tunajijua. Nikamsimamisha muuza miwani wa barabarani, nikajaribu moja moja mpaka nikasoma maandishi ya paketi ya sindano. Nikarudi kazini naimba. Kumbe miwani imenifichia ugonjwa.

Kichwa kikazidi. Nikawa nikisimama tu, giza linanifunika, kisha linaondoka. Hapo niliogopa kweli, nikaenda kwa daktari wa macho pamoja na Yaya, dada yangu mkubwa.

Daktari akamulika jicho moja, la pili, kisha akarudia la kwanza. Jamani, daktari akirudia!

"Mama, nyuma ya jicho kuna mikunjo, kama kitambaa hakijapigwa pasi. Nazani presha imepanda ndani ya kichwa. Ukichelewa, utapofuka. Tupige picha ya kichwa, kisha wakuchome sindano ya mugongo, wapime."

Sindano ya mgongo! Huku mtu akiisikia anaona jeneza. Yaya akanivuta mkono: "Twende nyumbani. Mama ule wa kule mtaa wa Murara walimuchoma, akakufa."

Daktari akamjibu: "Munatuletea mutu akiwa ameisha, ndio tunamuchoma. Akikufa, munasema ni sindano."

Lakini bila macho mimi nitashona nini? Nikasema, munichome.

Picha haikuonyesha uvimbe. Wakanichoma, presha ikakutwa juu sana. Wakanipa dawa, mvumo ukapungua. Nikauliza nini imeleta hii. Wakasema hawajui. Hilo neno ndilo linaninyima raha mpaka leo.

Kila asubuhi naziba jicho moja, naangalia fremu ya mlango. La kushoto bado linaiona imepinda, na daktari alisema ikizidi nirudi nichomwe tena. Yaya, yeye aliyenivuta mkono, ndiye anauliza kabla ya chai: "Mulango uko namna gani leo?"

Leo nimemwambia umepinda zaidi. Hakubisha, ameanza kufunga nguo zangu za hospitali.

Wakuu, macho yakibadilika ghafla, msikimbilie miwani ya njiani. Na aliyewahi kuchomwa mgongo mara ya pili aniandikie hapa, kesho ni mimi na naogopa.