Jiwe la Basimane

Mgodi wa shaba wa Phikwe ulipofungwa, wanaume wengine walianza kufuga kuku, wengine wakaanza kulewa, na mzee mmoja, Rra Ntirelang, akaanza kusugua mawe. Alichukua mota ya mashine mbovu ya kufulia, akaiunga na pipa dogo la mpira, akalijaza mawe ya mtoni, maji na unga wa msasa, akaliacha lizunguke barazani kutwa kucha. "Mzee, mawe yameiva?" walimtania wapita njia. "Bado, leteni chumvi!" Baada ya wiki kadhaa alitoa vijiwe vinavyong'aa, akawagawia watu bure. Ilikuwa raha yake tu.

Galaletsang hakumtania. Marehemu mumewe, Basimane, na mzee huyo walikuwa chanda na pete, walishuka shimoni pamoja tangu ujana. Siku ya mwisho ya kazi Basimane alirudi na jiwe mfukoni, jeusi lenye michirizi myeupe na chembe za njano zinazometameta. "Hili ndilo lililokula ujana wangu," alimwambia mkewe, akaliweka juu ya kabati. Kabla mwaka haujaisha, kisukari kikamchukua. Galaletsang akalipeleka jiwe kwa Rra Ntirelang. "Shemeji, nisugulie. Nataka niwe nalishika."

Akarudishiwa likiwa laini kama yai, jeusi, na utepe mweupe. Ile njano imekwenda wapi? "Shaba haikai juu, shemeji. Imejificha ndani," mzee alimjibu. Akaamini, kwa nini asiamini? Tangu hapo jiwe lililala chini ya mto wake. Aliliambia habari za watoto, za ng'ombe waliopotea, na mambo ya chumbani ambayo mwanamke hamwambii hata dada yake. Na Rra Ntirelang kila akimwona alimuuliza, "Basimane anasemaje leo?" Naye alijibu, "Analalamika uji hauna chumvi," wakacheka wote wawili.

Upweke ukamfundisha Galaletsang naye kusugua. Mzee akamtengenezea pipa lake, wakawa wanakwenda pamoja kuokota mawe ya akiki kwenye mchanga wa mto Motloutse. Alimfundisha vizuri mno, na hapo ndipo mwongo alipojisahau. "Gumu weka na gumu, laini na laini. Jiwe lenye madini mchanganyiko liache. Palipo laini huliwa, palipo gumu hubaki pamesimama, na mng'aro huupati."

Siku moja, kando ya barabara ya zamani ya mgodini, Galaletsang akaokota jiwe jeusi lenye weupe na njano, pacha wa lile la mumewe. "Litupe hilo!" Rra Ntirelang alifoka. "Litakuharibia pipa." Hakuwa amewahi kumfokea hata mara moja. Galaletsang akalitia kwenye mfuko wa aproni, na alipofika nyumbani akalitumbukiza katika pipa lake.

Alipolifungua pipa baada ya wiki kadhaa, harufu ya yai viza ilimpiga usoni. Ndani mlikuwa na tope jeusi, na katika tope kipande kilichotobokatoboka kama hindi lililobunguliwa. Akaenda kuchukua jiwe lake chini ya mto. Akalipapasa lote. Halikuwa na hata kijishimo.

Alimkuta Rra Ntirelang anakunywa chai kwa maandazi.

"Karibu, shemeji, umekuja wakati wa neema."

Akayaweka yote mawili mezani. "Basimane ni lipi?"

Mzee akarudisha andazi kwenye sahani. "Lilisagika," alisema. "Nilifungua pipa nikakuta matope. Nikatafuta jingine mtoni. Ningekuambia nini, na hali uliyokuwa nayo?"

"Ungeniambia limesagika."

"Ungelia."

"Ningelia nikanyamaza! Mtu akilia si hunyamaza?" Akalisukumia mbali lile jiwe laini. "Nimelivulia nguo jiwe la mtoni, Ntirelang. Na wewe unaniuliza anasemaje. Unaniuliza, unacheka!"

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Huruma yako ndiyo iliyonifanya kichekesho." Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakukosea. "Tope lake ulilimwaga wapi?"

Akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye shimo la kumwagia matope ya mapipa yote, miaka yote. Yalikuwa yamegandamana kama saruji.

"Nitachimba, shemeji. Nitachimba lote."

"Chimba. Kisha umtoe yeye, uwaache wengine."

Galaletsang akaondoka bila kuyachukua mawe.

Kesho yake asubuhi alitoka uani amejifunga shuka jeusi mabegani, kama vile ukoo haukuwa umekwisha kumtoa ujane. Jirani akashika tama. "Mma, kafa nani?"

"Basimane."

"Basimane si alikufa zamani?"

"Ndiyo," alisema Galaletsang. "Mimi ndio kwanza nimefiwa."