Siku Walinifanya Mufalme Mumori

Kwetu Masisi, upande wa Kongo, walituchomea nyumba kwa sababu tulikuwa Wanyarwanda. Aliyekuja na petroli simutafuti mbali: alikuwa baba wa ubatizo wa kaka yangu, mutu aliyekula Noeli kwetu kila mwaka na kuomba mifupa ya kupelekea mbwa wake. Wa nyumbani walibaki mule ndani, mi nikatoka. Nikavuka mupaka, nikafika Gisenyi ya Rwanda, na hapa, kabla sijaweka mufuko chini, wakaniambia mi ni Mukongomani. Donc nilikimbia na jina moja, nikapokelewa na jina lingine, na hakuna hata moja nililojipa mwenyewe.

Mutu anazoea. Kitu nilichoshindwa kuzoea ni mutobe.

Mutobe ni maji ya ndizi mbivu, kabla hayajawa pombe. Natengeneza muzuri; sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu hakuna mwingine wa kusema. Huku mutu akikupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu, ndipo anakupa. Nimeonja mbele ya watu wa mutaa huu mpaka nimenenepa. Wanashika kopo, wanasema asante, wanaliweka chini. Kwangu wanaomba fanta yenye kifuniko, na wanafungua wenyewe. Siku ya matanga ya bwana yangu, niliyeolewa naye huku, nilitengeneza chungu kizima. Watu walilia vizuri, waliimba vizuri, na chungu kikabaki kimejaa. Nilimwagia mugomba mutobe wote.

Aliyeanzisha hayo namujua: ni jirani yangu anayeuza mawese sokoni. Bwana yake alikunywa kwangu kopo moja, akatoka hapo akaenda kunywa kanyanga, ile pombe kali ya kujificha, na asubuhi akatapika. Muke akatangaza: Mukongomani amemulisha sumu. Angekufa, hata ningeelewa. Lakini yule mwanaume anapita hapa mpaka leo, munene kama ngombe ya Mudende, ananisalimia kutoka upande mwingine wa njia.

Sasa, Epifania iliyopita, jumuiya yetu ya kanisa ikaamua kucheza muchezo wa Wafalme Watatu. Prezida wa jumuiya, mwalimu wa pensheni aliyesoma Ubelgiji na hajatuacha tusahau, akaleta kitabu cha zamani chenye picha. Wafalme wawili wazungu wamepiga magoti mbele ya mutoto. Wa tatu mweusi, amefunga kilemba, amevaa hereni, amesimama nyuma kabisa, karibu na punda.

"Huyu ni Mumori," prezida akasema. "Wamori walikuwa Waislamu wa Afrika ya kaskazini, walivuka bahari wakatawala Espagne, yaani Hispania, miaka mingi. Tangu hapo wazungu wakitaka kuandika mugeni ao kumuchora, wanaweka Mumori. Katika hadithi zao analeta zawadi ao analeta vita."

"Na siku ingine?" nikamuuliza.

"Siku ingine namna gani?"

"Siku haleti zawadi wala vita. Anafua nguo, anagombana na jirani. Hiyo hawachori?"

"Mama, hiki ni kitabu cha dini."

Wakagawa kazi. Prezida akajichukulia Yosefu. Alisema Yosefu alikuwa muzee, hata Biblia iko upande wake. Maria akawa mukamwana wa muuza mawese, muke wa kijana wake, na mutoto wake anayenyonya akawa Yesu. Mi nikaomba kuwa mwenye hoteli, yule anayemwambia Maria hakuna nafasi. Ile kazi naijua sana, nimeisomea nikiwa inje. Wakacheka, lakini nikaona macho yanazunguka salle, ule ukumbi wa kanisa, na kurudi kwangu.

"Mumori ni huyu mama," akasema muuza mawese. "Si ni mutu wa mbali?"

"Nalala nyuma ya jikoni yako, mama. Nasikia ukikohoa."

"Ni mufano tu," prezida akasema na sauti ya darasa. "C'est symbolique."

Nilikubali. Musinihurumie, nilikubali kwa akili yangu. Kila mufalme alipaswa kuleta kitu mbele ya Maria na Yosefu. Wa tatu analeta manemane, na huku hakuna anayejua manemane inauzwa wapi, kwa hiyo prezida akasema tulete vitu vya kwetu. Bon. Kitu cha kwangu walikuwa wanakijua wote. Nyumbani kwangu waliweza kuweka kopo chini. Mbele ya paroasi nzima, mbele ya padri, wangenikatalia namna gani? Nilitaka kuona koo moja tu ya mutaa huu ikipanda na kushuka.

Dimanche, ile Jumapili ya muchezo, muuza mawese akanikalisha nyuma ya pazia, akaanza kunipaka uso unga wa makaa uliochanganywa na mawese yake.

"Unafanya nini?"

"Mumori lazima aonekane mweusi."

"Na mi niko nini, muzungu Musuisse?"

"Uko mweusi wa kawaida. Tunataka mweusi wa kutoka mbali."

"Na wale wafalme wawili wazungu, umewapaka unga wa mihogo?"

"Wale wanajulikana," akasema, na kunisukumia makaa mpaka ndani ya sikio.

Donc nikatoka, mutu mweusi aliyepakwa weusi ili watu weusi wajue kama ni mweusi. Watoto wa katekisimu wakapiga kelele. Nikashika kibuyu changu cha mutobe, nikapita punda, aliyekuwa wanaume wawili wa kwaya chini ya blanketi, na sikusimama nyuma kama kwenye picha. Nilienda mpaka mbele. Nikamimina kwenye kopo, nikaonja watu wakiona, nikamupa Yosefu.

Yosefu akaangalia salle. Akasema "Amina," neno ambalo halikuwa kwenye muchezo. Akapandisha kopo mpaka kwenye ndevu zake za pamba, akakaa nalo hapo, akalishusha, akafuta mudomo. Mi nilikuwa naangalia koo. Koo haikutikisika. Mutobe ulikuwa umejaa vilevile, na kipande cha pamba kinaelea juu.

Sikukasirika hata. Nilichoka. Nikaanza kugeuka nirudi kwa punda, kumbe ndiyo nafasi yangu. Hapo Maria akanyoosha mukono.

Yule muke alikuwa amekaa tangu misa ya kwanza ndani ya blanketi ya buluu, mutoto anamunyonya bila kuachia, na hakuna aliyemupa hata maji. Akachukua kopo, akaondoa pamba na kidole, akakunywa. Koo ikapanda, ikashuka, ikapanda. Akamaliza yote.

"Ongeza, mama," akasema.

Pazia likafunguka. Muuza mawese akatoka mikono ikiwa myeusi mpaka kwenye viwiko: "Wacha! Utaua mutoto! Ni sumu ya Wakongomani, si nawaambia kila siku!"

Miaka yote maneno hayo yalikuwa yanatembea nyuma ya mugongo wangu, kwa bomba ya maji, kwa soko. Leo yalisimama mbele, na padri amekaa kwenye kiti. Kila mutu akaangalia miguu yake kama amekamatwa yeye.

Maria akakunywa kopo la pili polepole, akafuta mudomo na blanketi ya Bikira.

"Mama mukwe," akasema, "kama hutaki ninywe, kuja umunyonyeshe weye."

Punda akaanza kucheka, upande wa mbele, kisha upande wa nyuma. Padri akaficha mudomo na kitabu cha nyimbo. Kisha salle nzima ikacheka.

Muchezo ulipoisha wakanizunguka na makopo. Wengine kwa kiu, wengine kwa haya, sikuuliza. Nilionja mbele ya kila mumoja mpaka tumbo likanijaa. Prezida akaja wa mwisho, ndevu amezitoa.

"Mama, tupatie na sisi."

"Papa Prezida, wewe si ulishakunywa? Paroasi nzima imekuona."

Iliyobaki nikamumiminia Maria.

Muuza mawese alipita karibu na mi bila kunisalimia, kama siku zote. Ila zamani watu wakiona hivyo waliniuliza nilimufanya nini; sasa hakuna tena mutu anayeniuliza.